Mwaka Niliokaa Darasa la Pili

Kama mtoto wako ametoka hospitali akiwa hai, na majirani wanakuja kukupa pole na hongera kwa pamoja, nawe ukimtazama unaona kuna kitu hakikurudi naye nyumbani, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari wala mwalimu. Ni mkulima wa Pito, kijiji cha nje ya mji wa Sumbawanga, na kati ya msimu na msimu natengeneza baiskeli kwenye kibanda kando ya barabara ya kwenda mjini. Ugonjwa unavyoingia mwilini sitakueleza, maana sijui. Nitakueleza tulivyoishi nao.

Binti yetu Editha alikuwa ameingia darasa la pili. Ni mtoto wetu wa kwanza. Wa pili, Paskali, alikuwa bado ananyonya. Editha alikuwa mtoto wa maneno mengi. Akitoka shule alianza kusimulia akiwa bado njiani, kwa Kiswahili, na akifika kwa bibi yake, yaani mama yangu, alirudia yote kwa Kifipa, kwa sababu mama hajui Kiswahili zaidi ya salamu na sala. Jumapili aliimba na watoto wenzake kanisani. Mke wangu Leokadia naye ni mwimbaji, na wakati wa palizi wawili hao walikwenda mstari mzima wa shamba wakiimba, huyu anaanza, huyu anapokea.

Homa ilimshika katikati ya masika, mahindi yamefika kiunoni. Siku ya kwanza tulidhani ni malaria. Siku ya pili shingo ilikaza, akawa analia hata ukimgusa nywele, na alipotapika macho yakageuka yakabaki meupe. Nilimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, miguu yake ikinigonga mapajani, Leokadia nyuma yangu na Paskali, mpaka barabarani tulikopata gari la kutufikisha hospitali mjini.

Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba lazima watoe maji mgongoni wayapime. Pale nje kwenye benchi watu walikuwa wameshanionya nisikubali sindano hiyo, ati mtoto akichomwa hapo hatembei tena. Nilimuuliza daktari ana kwa ana. Akanijibu taratibu kwamba asipochomwa hatajua ampe dawa gani. Nikakubali, nikamshika miguu mwenyewe. Mgongo wake ulikuwa umepinda kama upinde, na kila pingili ungeweza kuiona.

Katika wodi ya watoto wanalala akina mama. Akina baba tulikuwa nje, kwenye benchi la saruji chini ya veranda, na Sumbawanga hata masika upepo wake unauma. Jirani yangu wa benchi alikuwa mfugaji, Msukuma aliyehamia upande wa Laela na ng'ombe wake, na mtoto wake alikuwa kitanda cha pili kutoka kwa Editha. Alikuwa na blanketi zito, tukawa tunalitumia wote wawili bila kuulizana. Hatukuongea sana. Wakati ulikuwa unapimwa kwa sindano, ya asubuhi na ya jioni. Hata tukikumbushana jambo tulisema ilikuwa kabla ya sindano au baada ya sindano. Muuguzi mmoja mnene, mwenye sauti ya ukali, alikuwa akinifungulia mlango saa ya chakula, wakati hairuhusiwi, nimlishe Editha uji ili Leokadia anyonyeshe. Siku aliyoondoka na mwili wa mtoto wake, yule mfugaji aliliacha blanketi kwenye benchi. Nilimkimbilia nalo hadi getini. Alilisukuma kifuani kwangu, akasema kwamba mtoto wangu mimi bado yumo ndani, akaingia kwenye gari.

Homa ya Editha ilishuka. Alianza kukaa, akaomba embe, ingawa haukuwa msimu wake. Tukafurahi, nikatuma salamu nyumbani kwamba mtoto amepona.

Halafu ikanyesha mvua ya mawe. Nilikuwa nimesimama dirishani, nje, nikimwangalia. Mawe yalipoangukia bati wodi nzima ilishtuka, watoto wakalia, akina mama wakawakumbatia, hata yule muuguzi aliinua macho juu. Editha alikuwa anachomoa nyuzi za shuka, moja baada ya nyingine. Hakuinua kichwa. Nilimwona Leokadia akimwangalia, kisha akainua macho akaniangalia mimi kupitia kioo, na nikajua naye ameona.

Jioni ile nilipoingia, Editha alitutazama mmoja mmoja, akasema kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa wodini, "Mbona mmeninunia?"

Alidhani tumeacha kusema naye. Siku zote zile alikuwa anatuona tukifungua midomo bila sauti, akaona tumemkasirikia kwa kosa asilolijua. Leokadia alimvuta kifuani akawa anamwambia hapana, hapana, hapana, kwenye nywele zake, mahali ambapo mtoto asingeona hata mdomo wake.

Tulirudi nyumbani mahindi yanaanza kukauka. Alikuwa amekonda, mikono imejaa alama za dripu, na kutembea kumempotea. Hakuwa amepooza, alikuwa anayumba kama mtu aliyekunywa. Alishika kuta, akashika mgongo wa mbuzi, akashika gauni la mama yake. Giza likiingia alianguka kabisa, kwa hiyo jua likizama nilimbeba. Bibi yake alikuja kila siku akamsemesha Kifipa, lakini mama yangu hana meno, midomo yake imeingia ndani, na Editha alikuwa anautazama ule mdomo kwa bidii mpaka anatokwa jasho, asiambulie kitu. Baada ya wiki kadhaa mama aliacha kusema. Walikaa tu wamekamatana mikono, au wakipepeta ulezi pamoja. Mama aliniambia kwa Kifipa kwamba mtoto huyu amekwenda mbali akiwa amekaa hapa hapa.

Watu walikuja na maneno yao. Kuna waliotaja jirani fulani, na waliotaja mganga wa ng'ambo ya kilima. Tuliwashukuru, tukawapa chai. Leokadia alichagua maombi. Alimbeba mpaka kwenye mkesha mmoja, akarudi naye amechoka, uso umevimba kwa kulia, na tangu hapo mke wangu hakuimba tena. Shambani alipiga jembe kimya.

Alipoweza kutembea hadi shule tulimrudisha. Alikuwa akishika nafasi za juu darasa la kwanza. Sasa alirudi na daftari jeupe, au limenakiliwa maneno nusunusu ya ubaoni yasiyo na maana. Watoto walimwita, hakugeuka, wakaanza kumrushia vijiti vidogo waone atafanya nini. Aliporudi nyumbani hakusimulia chochote.

Mwalimu wake wa darasa alikuwa Mwalimu Hadija, mwenyeji wa Lindi, mama mtu mzima aliyeletwa huku na kazi. Baridi ya Ufipa ilimtesa. Alivaa sweta juu ya sweta na kujifunga kitenge hata mchana. Jumamosi moja tulimwona anaingia uani kwetu kwa miguu. Alimsalimia mama yangu shikamoo kwanza, akapiga magoti kabisa, ndipo akakaa. Akatueleza alichokiona. Alisema amegundua kwamba akisimama mbele ya Editha na kusema polepole, mtoto anaambulia. Akigeukia ubao, anampoteza. Na darasa lake limejaa, dawati moja watoto wanne, hawezi kumtazama mmoja siku nzima.

"Nahitaji mtu mzima mmoja akae naye," alisema. "Nikigeuka, yeye ampe nilichosema. Sijui vipi, tutajifunza. Lakini peke yangu nitashindwa, Baba Editha, na ninyi peke yenu hapa nyumbani mtashindwa."

Leokadia alikuwa na Paskali kifuani na ulezi uliokuwa unangoja kuvunwa. Alinitazama. "Baba yake atakwenda," akasema.

Nikaenda. Mwalimu mkuu alikubali, akasema nisije nikinuka tumbaku. Nilikaa dawati la mbele pembeni, magoti yakiwa karibu na kidevu, na darasa zima likasimama kunisalimia shikamoo. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Kusoma nasoma, lakini taratibu, nikifuata kwa kidole, na zile siku za kwanza Editha alikuwa ananitangulia mstari. Mwalimu alisema, mimi nikageuka nikamwelekea binti yangu, nikatamka bila haraka, nikaonyesha kwa mikono. Tulitunga alama zetu. Maji ilikuwa kidole kwenye shavu. Mwalimu ilikuwa kujikunyata na kuvuta sweta, na siku Mwalimu Hadija alipogundua hiyo ni yeye alicheka mpaka akakaa. Darasa lilizipenda. Kufika mwisho wa muhula watoto wote walikuwa wanaombana maji kwa kidole shavuni, na vijiti havikurushwa tena.

Asubuhi shule, mchana baiskeli. Kibandani wenzangu waliniuliza kama leo nimepewa kazi ya nyumbani, kama nimechapwa, kama nitavaa kaptula. Nilicheka nao. Baadaye walichoka wakaacha, na mmoja wao, ambaye mwanawe alikuwa anarudia darasa, alianza kuniuliza pembeni tunafanyaje.

Nitakueleza tulivyofanya, labda utakuta kitu cha kuchukua. Kila Ijumaa Mwalimu Hadija aliniambia maneno ya wiki inayokuja, nami nikakata vipande vya maboksi, Leokadia akaandika kwa mkaa, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, na tukavibandika nyumba nzima: mlango, chungu, jiko, kisu. Mtoto akitaka kitu alikuwa anaenda kugusa neno lake. Hesabu tulizifanya kwa punje za mahindi. Jumatatu nilimwambia mwalimu neno lipi limekataa kuingia, naye akalirudia akiwa anamtazama. Hakuna miujiza humo. Siku nyingine Editha alivirarua vile vipande akavitupa motoni, akalala kifudifudi asiguswe. Siku nyingine mimi ndiye niliyebaki kibandani nimeshika spana nisijue nilikuwa nafunga nini.

Nyumbani pia hapakuwa shwari. Kadiri nilivyozidi kujua alama, Leokadia alizidi kunyamaza. Akiniona nampungia Editha mikono alitoka nje. Alimwita kwa sauti, akiwa nyuma yake makusudi, mara mbili, mara tatu, akingoja ageuke. Siku moja tukipura ulezi nilimwambia aache, anamuumiza mtoto.

Akaweka fimbo ya kupuria chini. "Wewe unamfundisha kuishi kiziwi," alisema. "Mimi bado nataka mwanangu asikie."

Tuliendelea kupura.

Kipupwe kilipokolea tulipata nafasi ya kumpeleka Mbeya kwa vipimo vya masikio. Tuliondoka alfajiri, tukapita Laela watu wanawasha moto wa kuota stendi, tukapita Tunduma kwenye foleni ya malori. Kwenye korido ya hospitali tulingoja na watu wa kila namna. Mzee mwenye pamba masikioni, msichana aliyekuwa anatafuna kalamu. Editha alikaa katikati yetu akisoma kwa sauti maandishi ya milangoni. Chumba cha vipimo. Usiingie. Vua viatu. Sauti yake ilikuwa imeanza kubadilika, imeingia puani, herufi nyingine zimelegea. Watu waligeuka kumtazama. Leokadia alikuwa anamwangalia tu mdomo, kana kwamba anakariri.

Walimvalisha vitu vya masikioni, wakamwambia akisikia sauti ainue mkono. Tuliona kupitia kioo. Alikaa wima kama mwanafunzi mwema, mkono uko tayari juu ya goti, akingoja. Mkono haukuinuka. Mwisho, alipoona uso wa yule mpimaji, aliuinua bila kusikia chochote, ili amfurahishe.

Daktari alisema masikio yote mawili, na hayatarudi, na kile kifaa cha kuvaa sikioni hakitamsaidia. Leokadia alimuuliza tena kwa maneno mengine, na daktari kwa huruma akamjibu tena. Kwenye basi la kurudi Leokadia alilia kimya kutoka Tunduma. Tuliposimama Laela, Editha, aliyekuwa dirishani, alimgusa shavu kwa kidole, alama yetu ya maji, akauliza kwa uso: unataka? Leokadia alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Akafanya alama ile ile kwenye shavu lake mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza.

Tangu pale tulikwenda shule kwa zamu. Leokadia aliingia darasani na Paskali mgongoni, na alikuwa bora kuliko mimi. Uso wake unasema. Mavuno yalipoisha alikwenda siku nyingi zaidi yangu. Ila kuimba hakurudia.

Mtihani wa mwisho wa mwaka Mwalimu Hadija alisoma imla akiwa amepiga magoti mbele ya dawati la Editha, sauti ikienda darasa zima na mdomo ukienda kwake. Alifaulu kuingia darasa la tatu. Nafasi yake ilikuwa ya chini, mbali sana na zile za zamani, nasi tulimchinjia kuku.

Wiki ya kufunga shule mwalimu alikuja tena uani. Nilidhani amekuja kwa pongezi. Alikaa na kikombe cha chai mikononi akikipashia vidole joto, akasema anaomba tumsikilize mpaka mwisho. Alisema tulichokifanya mwaka ule kilimzuia mtoto asizame, na kwamba hakitatosha. Masomo ya mbele hayawezi kubebwa na kidole shavuni. Darasa la tatu litakuwa na mwalimu mwingine, la nne mwingine. Alikuwa ameulizia mwenyewe, kwa simu na maofisini, akapata shule ya bweni katika mkoa mwingine, ambako watoto viziwi wanafundishwa kwa lugha ya alama yenyewe, kamili, na walimu waliosomea.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba mwaka mzima nimekaa kwenye dawati lake ili mtoto abaki. Hakukasirika. Leokadia ndiye aliyesema kwamba pale Mbeya alimwona mtoto akiinua mkono kwa kubahatisha, na hataki aishi maisha yake yote anabahatisha ili sisi tufurahi.

Tulimpeleka Januari, mvua zinanyesha. Uwanja wa shule ile ulikuwa umejaa watoto na haukuwa na kelele, ila vishindo vya miguu na vicheko vya puani. Mikono ilikuwa inapaa kila mahali. Editha alisimama getini ameshika mkono wangu, akatazama kwa muda mrefu. Msichana mmoja alimsogelea akamfanyia alama ambayo hakuijua, akairudia, akairudia tena. Editha akauachia mkono wangu ili aijaribu. Hakuushika tena siku ile.

Mama yangu alifariki wakati wa Kwaresima, Editha akiwa huko. Hatukumleta kwa maziko. Njia ilikuwa imekatika kwa mvua. Alipokuja likizo ya Juni alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya bibi yake, akakuta kufuli, na sisi ndio tuliopaswa kumwambia. Nilikuwa sina alama ya kufa. Yeye alikuwa nayo. Aliniuliza kwa alama hiyo, kiganja kikigeuka, nami nikaitikia kwa kichwa.

Likizo ile niligundua kwamba ameacha kutumia sauti. Alikuwa na marafiki, alikuwa amenenepa, alikuwa anaandika barua nzima bila kosa, na mdomo wake umefungwa. Baba sasa ni alama. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho aliponiita kwa sauti, siikumbuki. Hakuna aliyenionya niisikilize.

Jumamosi zile Mwalimu Hadija alikuja, tukakaa wote kwenye mkeka, Paskali naye, na Editha akatufundisha. Ni mwalimu mkali. Mimi vidole vyangu vya spana ni vizito, ananipiga kofi dogo nikikosea.

Siku ya kurudi shule tulimsindikiza stendi ya Sumbawanga. Alikuwa anakwenda na mama mmoja kutoka Matai, ambaye mtoto wake anasoma shule hiyo hiyo. Alituaga, akachukua begi lake, akaelekea kwenye basi. Leokadia aliita jina lake. Aliliita kwa nguvu zote, kwa ile sauti yake ya kuimba, na watu karibu wote pale stendi wakageuka. Editha aliendelea kutembea. Leokadia akakimbia, akapita kati ya mizigo, akamzunguka, akasimama mbele yake akihema, akainua mikono akamwambia kwa alama arudi salama.

Editha aliiangalia ile mikono. Akaweka begi chini, akashika vidole vya mama yake, akavikunja vile vinavyotakiwa, akangoja airudie. Leokadia akairudia. Ndipo mtoto akapanda basi.